Ukitaka kuangalia vipepeo vya usiku nyumbani, anza na majirani

Kazi yenyewe ni kufunga shuka nyeupe usiku na kuweka lampe mbele yake, vipepeo vinakuja kutua, unaviangalia. Nianze na pesa maana njo swali la kwanza watu wananiulizaka. Hapana, si mambo ya matajiri. Shuka nyeupe nilikuwa nayo tayari, mie ni mshonaji, vitambaa havikosekani kwangu. Lampe nilinunua kwa kambisti, mwenye kubadilisha pesa, zile ndogo wanaangaliaka nazo kama noti ya dola ni ya kweli, zinatoa mwanga wa zambarau, dola tano na betri unazipata kwa duka lolote. Kamera ni simu yangu yenye kioo kilipasuka kona. Vitu vilivyonikula pesa na nguvu ni vingine kabisa: megabaiti, dawa ya malaria, na kurudisha amani na majirani. Hiyo ya mwisho njo ilikuwa bei kali kupita zote na hakuna mtu alinionya, kila fasi nilisoma waliniambia taa gani, kitambaa gani, mwezi uwe namna gani angani, hakuna aliyeniambia wewe unaishi mu parseli moja, kiwanja kimoja, na watu wangapi. Kwa hiyo naandika hii kwa mwenzangu mwenye anakaa kama sisi tunavyokaa.

Niko Bel-Air, komini Kampemba, hapa Lubumbashi. Parseli yetu ina nyumba nne, papa bayere, mwenye parseli, anakaa ya mbele, bomba moja, choo kimoja cha nje, mwembe mkubwa katikati, nyuma kuna mchungwa na mlimao, na kila mama ana kipande chake cha matembele, majani ya kiazi kitamu, na lengalenga. Mvua zikikaa vizuri kila mtu anapanda mahindi kidogo pembeni ya ukuta. Ni parseli ya kawaida tu ya hapa kwetu, naitaja ili usifikiri niko na bustani ya kizungu yenye majani ya kukatwa na mashine.

Yote ilianza na matembele. Ilikuwa mwezi wa kumi, joto kali, tunamwagilia na maji ya bomba, na majani yakaanza kuwa na matundu, kiisha tukakuta asubuhi vijiti vitupu. Mama wa nyumba ya pili akasema ni kuku, mwingine konokono, mwingine akatoa chupa ya dawa ya mende iliyobaki akataka kupulizia, dawa ya mende juu ya mboga ambayo watoto watakula wiki ile ile! Nikamlomba anipe siku chache. Hapa nikupe siri moja: usitafute mdudu kwenye majani, tafuta mavi yake chini. Kiwavi mkubwa anaacha mavi magumu, meusi, yenye mifereji ubavuni, ukiyakuta mabichi juu ya udongo inua macho polepole fasi ile ile, yuko hapo, amejibana chini ya jani na rangi yake ni ya jani. Nilimpata saa saba mchana. Mrefu kupita kidole changu cha kati, kijani, mistari ya kulala ubavuni, na pembe moja kule nyuma kwa mkia. Hiyo pembe watu wanaiogopa bure, haichomi, haina sumu. Jina lake la kitaalamu ni Agrius convolvuli, chakula chake ni familia ya kiazi kitamu, na kipepeo wake anaruka mbali sana, kuna wanaotoka Afrika wakafika mpaka Ulaya kwa mabawa yao wenyewe.

Nikawaokota waliokuwepo nikawatia mu ndoo tupu ya rangi. Udongo laini chini, wa shubiri moja hivi, matembele mabichi kila asubuhi, juu kipande cha chandarua cha zamani kimefungwa na lastiki. Matembele yetu yakapona bila dawa na mie nikapata kitu cha kuangalia. Ukifanya hivi, siku kiwavi anaacha kula, rangi inageuka kuwa ya kahawia na anaanza kuzungukazunguka ndoo, usimpe chakula tena na usifukue udongo, anaingia kujizika. Wengi wanaharibu hapo, wanafukua kila siku kuona kama yuko. Muache kwanza mpaka agande. Mie nilingoja zaidi ya wiki njo nikafukua kidogo na kijiko, na nilichokiona kilinifanya nikae chini: pupa, yaani kiwavi aliyegeuka ganda kabla ya kuwa kipepeo, kahawia, anang'aa, na mbele ya uso wake kuna kitu kimepinda na kurudi kifuani sawa na mshikio wa birika. Ndani ya ule mshikio njo kuna ulimi. Kipepeo huyu ana ulimi mrefu kupita mwili wake mwenyewe, wa kuingia mu maua yenye koo refu, na tangu yuko pupa umeshatengenezewa fasi yake. Ukimgusa anazungusha tumbo, sikujua kama pupa anajua kukasirika.

Sasa usitegemee kila pupa atakupa kipepeo. Katika ile ndoo baadhi walitoa nzi. Nzi wagumu, wenye nywele za kusimama mgongoni, wako chini ya chandarua wananguruma na pupa amebaki ganda. Nilikasirika kweli, nilikuwa nimewapa hao viwavi majani kwa mkono wangu. Kiisha nikafikiri vizuri: mama wa nzi alitaga mayai yake juu ya kiwavi kule shambani kabla sijamuokota, funza wakamla ndani kwa ndani. Hao nzi njo wanalinda matembele yetu miaka yote bila mtu kuwalipa. Ukipulizia dawa ya mende unawaua wao pia, kiwavi anayekuja baada ya wiki tatu anakuta hakuna polisi. Nikaeleza hiyo habari bombani na wamama walinisikiliza vizuri, wengine wakacheka. Hapo nilikuwa bado mtu wa kawaida kwao.

Shida ilikuja na usiku.

Mwezi wa kumi na moja mvua za kwanza zilipiga na kila mtu wa hapa anajua usiku wa mvua za kwanza unavyokuwa, wadudu wanatoka kila pande. Nikafunga shuka kwenye kamba, upande mmoja mwembe upande mwingine msumari wa ukutani, lampe ya kambisti nikaining'iniza mbele, mie nikakaa kwenye kiti kidogo na kaye yangu, daftari ya kuandikia. Watu wanasema wadudu wanapenda taa, si kweli. Mwaka 2024 watafiti walitoa kazi yao ya kuwapiga wadudu picha na kamera za kasi sana, wakaona kwamba mdudu anayeruka anageuzia mgongo fasi yenye mwanga, maana tangu dunia iwe dunia mwanga wa usiku unatokaka juu, unamsaidia kujua wapi ni juu na wapi ni chini. Ukimwekea taa ubavuni mwake anapindisha mgongo kuielekea, njia inajikunja, anapindisha tena, anabaki kuzunguka pale pale anachoka. Kwa hiyo ujue ile taa inawasumbua, haiwafurahishi. Njo maana naizima mapema na nakushauri ufanye hivyo. Na mwanga wa zambarau usiuangalie na macho moja kwa moja, unaharibu macho, watoto hasa.

Usiku mzuri ni usiku wa giza, joto, mawingu, hakuna upepo. Mwezi mpevu ukiwaka utakaa bure na baridi yako. Hilo nilikuwa nimesoma. Kile sikusoma ni hiki: mwanamke peke yake, saa nne usiku, mbele ya shuka nyeupe, mwanga wa zambarau, anaandika mu kaye. Sasa jiweke kwenye nafasi ya jirani mwenye anatoka kwenda chooni.

Hakuna aliyeniambia kitu usoni. Salamu njo zilikuwa zinapungua. Nikifika bombani maneno yanakatika, kila mmoja anaangalia bidoni yake. Mama mmoja akamtoa mtoto wake mkononi mwangu, mtoto ambaye nimemshonea uniforme tangu darasa la kwanza. Wateja wawili wa parseli ya jirani hawakurudi kuchukua nguo. Kiisha mtoto wa nyumba ya tatu akapata homa, na homa ya mwezi wa kumi na moja hapa kwetu si kitu cha ajabu, lakini sasa ilikuwa na mwenyewe, mie. Nililia siku ile, sifichi, si kwa hasira ila kwa kuona namna watu wa miaka mingi wanaweza kukugeukia juu ya shuka.

Papa bayere akaniita kwake jioni.

«Mama, ikala. Kuko maneno. Banasema usiku unavaaka shuka nyeupe na unaandika majina ya batoto mu kaye.»

«Papa, shuka siivaaki. Naifungaka ku kamba, bipepeo binakuja. Mu kaye naandikaka aina yake na saa.»

«Bipepeo. Unabiuzisha?»

«Hapana, papa.»

«Unabikulaka?»

«Hapana.»

«Sasa?»

Sikuwa na jibu. Ujaribu wewe kumwambia muzee kama yule kwamba unapenda tu kuangalia. Kwetu mdudu ni wa kula ao wa kuua, hakuna safu ya tatu. Nikasimama nikaenda kuleta ile ndoo. Nikamfungulia chandarua, nikamtolea pupa mmoja mkononi, akamweka karibu na macho, akamgusa, yule akazungusha tumbo na muzee akacheka kwa sauti. Kiisha njo akaanza kusema yeye, juu ya mama yake, wakitoka kwenda mu pori la miti kuokota viwavi vya kula, wanajua kila kiwavi na mti wake, wanajua lini kuingia na lini kuacha ili wengine wajizike wapate kizazi cha mwaka ujao. Akasema lile pori sasa liko mbali sana, linageuka makala, ule mkaa tunaopikia bukari, ugali wetu, hapa mjini kila siku, na viwavi vya kavu vya sokoni vinatoka mbali. Mie nikamwambia wale viwavi vyake wakifika ukubwa wanakuwa vipepeo vya usiku, wengine wapana kama kiganja chake, na wengi wao hawana hata kinywa cha kufanya kazi, hawali kitu mpaka wanakufa, nguvu yote ni ile walikula wakiwa viwavi. Hakuwa anajua. Miaka sabini anakula mtoto na hajamwona mzazi, akasema hivyo mwenyewe.

Alinipa ruhusa na masharti: nizime saa tatu, niite kwanza wazazi wote waone na macho yao, na kaye nisiandike kificho, niiache juu ya meza yeyote asome. Nayaweka hapa kama alivyoyasema maana ni masharti mazuri, kama ningeyajua ningeanza nayo hata kabla ya kununua lampe. Mwambie mwenye parseli. Mwambie kila mlango. Mchana, si usiku. Waonyeshe shuka ikiwa imekunjwa, waonyeshe lampe na noti ya faranka mia tano wacheze nayo. Kama kuna shefu wa avenyu mwambie na yeye, ili siku mtu akienda kushitaki akute habari imeshafika.

Ule usiku wa kuwaita wote, mvua ilikuwa imepiga mchana na ikakatika kabla ya jua kushuka, na unajua tayari nini kinatoka. Inswa! Kumbikumbi wa kutosha, wakaangukia shuka, wakaangukia sufuria, nywele, kila fasi. Nilikuwa nimejitayarisha kueleza mambo ya vipepeo, hakuna aliyenisikiliza, wamama wote walikimbia kuleta mabeseni ya maji na kuyaweka chini ya lampe yangu. Tulikaanga usiku ule ule na chumvi. Mama wa nyumba ya tatu, yule yule wa homa ya mtoto, akaniambia taa yangu ni nzuri kupita ya ukutani kwake na kesho ikinyesha niiwashe tena. Kila nikikumbuka mambo ya bulozi, ule uchawi walionifikiria, yaliyeyuka namna gani, nakumbuka harufu ya inswa.

Na pupa wa mwisho mu ndoo alitoka mbele ya watoto. Nilikuwa nimesimamisha kijiti ndani, usisahau hicho, kipepeo akitoka lazima apande fasi aning'inie, akikosa mabawa yanakauka yakiwa yamejikunja na hataruka maisha yake yote. Alitoka mwenye maji maji, mabawa madogo kama ya mchezo, akapanda, akaning'inia, na polepole yakashuka, yakanyooka. Tumbo lina mikanda ya waridi na nyeusi. Kabla ya kuruka akaanza kutetemeka, mabawa yanatikisika mbio mbio bila kwenda popote, watoto wakasema anasikia baridi. Ni kweli kabisa, anapasha misuli moto. Kiisha akaondoka mara moja tu, hatukuona hata alipita juu ya ukuta gani.

Tuseme sasa ya afya maana hapo watu wanachukuliaka rahisi. Kukaa nje usiku msimu wa mvua ni kujitoa kwa mbu, hasa mbu wa malaria ambaye kazi yake anaifanya usiku. Malaria ilinilaza, mashine ya kushona ikasimama, na pesa ya dawa na ya wateja waliongoja ukizijumlisha ni lampe nyingi sana. Vaa mikono mirefu, soksi, kitambaa shingoni, na kiti usikiweke karibu na taa, kaa mbali kidogo, uende kuangalia shuka kiisha urudi. Dawa ya kujipaka sawa, ila nawa viganja kabla ya kugusa mdudu yeyote. Na ukimaliza lala mu chandarua, si unamaliza usiku mzima na wadudu kiisha unakataa chandarua juu ya joto.

Kuna kadudu kamoja uwaonyeshe watoto wakajue kwa sura: kembamba, hakafiki hata sentimita moja na nusu, rangi nyekundu ya machungwa na nyeusi zinapishana, kanatembea kameinua mkia. Kanakujaka kwenye taa wakati wa mvua. Hakaumi wala hakachomi, lakini ukikaponda juu ya ngozi damu yake ina sumu, hausikii kitu siku ile, kesho ao kesho kutwa ngozi inawaka, malengelenge, watu wanasema ni moto wa usiku ao mtu amekurogea. Mtoto wa mudogo yangu alikapiga kofi shingoni, akabaki na kidonda cha mstari mrefu karibu wiki mbili. Ukikaona juu yako puliza kaanguke. Kama kameshapondeka osha na maji na sabuni mara moja, na mkono usipeleke kwa macho. Viwavi wenye nywele nyingi nao tusiwaguse na mkono mtupu, zile nywele zinaingia ngozini, ukipatwa usikwangue, bandika skochi, utepe wa gundi, na uvute, irudie, kiisha osha.

Kingine kinachovutwa na shuka ni vile vipepeo vidogo vya kijivu ambavyo unaona havina maana, na kumbe njo vina maana kupita vyote kwa mtu mwenye mahindi. Yule mdudu wa mahindi aliyetoka Amerika, Spodoptera frugiperda, alionekana Afrika mara ya kwanza mwaka 2016 na hakuchukua muda kufika kwetu. Kipepeo wake ni huyo wa kijivu. Nikimwona kwenye shuka, kesho yake asubuhi napita kwenye mahindi ya parseli nzima nikifungua majani ya katikati. Kiwavi wake unamjua kwa kichwa, kina alama ya Y iliyogeuzwa chini juu, na karibu na mkia madoa manne yamepangwa mraba. Akiwa mdogo unamponda na vidole yameisha, shamba letu ni dogo, hatuhitaji dawa. Mambo ya kaye hapo yakapata heshima, mama wa nyumba ya pili sasa ananiulizaka «bale ba kijivu balikuja?» kabla hata ya salamu.

Mwezi wa pili alikuja yule mwenye fuvu. Kama hujawahi kumwona: kipepeo mkubwa, mnene, na mgongoni kabisa nyuma ya kichwa kuna picha ya fuvu la mtu, ya njano. Acherontia atropos. Mbaya zaidi, ukimshika analia. Ana namna ya kusukuma hewa kooni inatoa sauti ya panya. Mie nilikuwa nimemngoja huyo tangu mwanzo, natetemeka kwa furaha, na nyuma yangu parseli nzima imenyamaza. Nikawaambia kiwavi wake anakula mbilingani na viazi, na yeye mkubwa anaingia mu mizinga ya nyuki usiku kuiba asali, mwizi wa asali tu basi. Watoto walisogea. Wakubwa hapana. Papa bayere akasema: «Mama, bengine bote sawa. Huyu hapana. Huyu atoke.» Sikubishana hata neno moja, nikamfunika na kopo, nikapiga picha mbili, nikatoka naye mpaka kwenye miti mwisho wa avenyu nikamwachia. Kuna mabishano ambayo hata ukishinda unapoteza parseli. Bundi na kinyonga ni sawa na huyo, ukiwaona furahi kimya.

Vitu vidogo vidogo sasa, havina mpango. Ampuli ya mlango wa jikoni badilisha uweke ya mwanga wa njano, nyeupe inaita wadudu ndani, kwa ya njano wanapungua sana, na shuka yako nje inapata zaidi. Usiache shuka mpaka asubuhi: kuku watamaliza kila kitu, na ndege wanajifunza upesi, tulikuwa na shore wawili wakifika kabla ya jua kana kwamba wamealikwa. Zima, kunguta polepole kwenye majani, kunja. Vyura wa chini ya lampe waache, wako kazini. Umeme ukikatika usihuzunike, giza la mtaa mzima njo usiku bora, lampe yako ya betri inabaki peke yake. Mlimao na mchungwa vina viwavi ambao wadogo wanafanana kabisa na mavi ya ndege, wakikua wanageuka kijani, ukiwagusa wanatoa kichwani pembe laini mbili za rangi ya machungwa na harufu kali, hao ni wa kipepeo wa mchana, mkubwa, mweusi na njano, Papilio demodocus. Mti mkubwa unawaweza, kamche ndiyo wahamishe.

Chambo pia kinafanya kazi kwa wale wasiokuja kwenye taa. Ndizi zilizooza, sukari, na lutuku kidogo (pombe kali ya kienyeji), ponda, paka kwenye shina la mwembe jua linaposhuka. Mchana wake wanakuja hata vipepeo wakubwa wa mchana kunywa mpaka unaweza kuwasogelea na simu. Ila lutuku nunua kidogo na usiseme ni ya nini, kuna papa mmoja hapa hajanisamehe mpaka leo.

Picha: piga ya juu, ya ubavu, na weka kitu cha kupimia, mie naweka kifungo cha shati. Naziweka kwenye iNaturalist, fasi ya intaneti ya kuweka picha za viumbe, wako watu dunia nzima wanaosaidia kutaja majina, wakati mwingine jibu linakuja saa ile, wakati mwingine miezi, na wengi wanaishia kwenye familia tu maana vipepeo vya usiku duniani wanapita aina laki moja na wa kwetu hawajaangaliwa sana. Megabaiti zitakuisha kama unapakia kila usiku, kusanya wiki nzima upakie fasi yenye waifai. Na kwenye mipangilio ficha mahali pako, chagua ile inayopanua ramani, vinginevyo unaonyesha dunia nzima mlango wa nyumba yako na saa unakaa nje na simu mkononi.

Kuanzia mwezi wa tano shuka inapumzika. Mwezi wa sita na wa saba usiku una baridi, utapata wawili watatu, haifai kuugua juu yao. Mie huo muda naangalia chini ya maganda na kwenye majani makavu, na nililomba papa bayere kona ya nyuma karibu na choo isifyekwe wala isichomwe, maana pupa wengi wanapita kiangazi udongoni na mu majani makavu, na sisi kila kiangazi tunafagia na kuchoma. Alifikiri siku kadhaa. Kiisha akanipa, kwa sharti moja tena, nyoka akionekana hata mmoja kona inachomwa siku hiyo hiyo na mie njo nitanunua mafuta ya taa. Nyoka hajaonekana. Lakini mama wa nyumba ya tatu ameshapanda maboga mle ndani bila kuniuliza, na sasa tunaongea taratibu nani mwenye kona.